Matanga ya Gethin Probert, Ambaye Hajafa

Hispania, 3 Oktoba 1937

Kwa Bibi yangu Marged,

Salamu nyingi kutoka kwangu mjukuu wako. Mimi sijambo. Natumaini goti lako halijambo, na nguruwe wetu Kaisari anaendelea kunona. Namsalimia pia Mzee Hosea Bufton, mzee wetu wa kanisa, kwa kuwa najua ndiye anayekusomea haya, na namwomba asiruke mistari. Mwanawe Elwyn yuko hapa ubavuni mwangu, anakula dengu.

Baada ya salamu, Bibi, kuna jambo. Nilikuambia nakwenda Paris na Elwyn siku mbili kusikiliza kwaya, nitarudi Jumapili, uniwekee chakula. Leo ni Jumapili ya tano. Nadhani umeshaona kwamba kwaya hiyo ina nyimbo ndefu.

Tulikata tiketi ya siku mbili kwa sababu yenyewe haiulizwi pasipoti, na serikali yetu imepiga marufuku watu kuja kupigana huku. Kutoka Paris tulipelekwa kusini, tukavuka milima kwa miguu tumevaa viatu vya kamba. Elwyn aliomba kwa sauti njia nzima mpaka kiongozi wetu akamsihi amwache Mungu apumzike kidogo.

Usinikasirikie. Watu wa huku walipiga kura wakachagua serikali, majenerali wakaikataa kwa mizinga. Wewe mwenyewe ulisema mwaka ule wa mgomo: mtu akipiga yowe ndani ya shimo la makaa, huulizi kwanza amezaliwa bonde gani.

Nitumie soksi.

Mjukuu wako,
Gethin


Bonde la Hesgin, Wales, 28 Oktoba 1937

Gethin, mwongo wewe,

Sijambo. Goti linauma. Kaisari hajambo kuliko sisi sote. Shimo la makaa linafanya kazi siku tatu kwa wiki. Hosea ndiye anayeandika, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu.

Chakula chako cha Jumapili nilikiweka jikoni. Kilikaa mpaka Jumatano. Alhamisi akala Kaisari, na yeye angalau alishukuru.

Kwa hiyo maneno yangu mwenyewe ndiyo unayonipiga nayo. Haya. Nilisema kuhusu yowe, na sifuti. Lakini sikusema udanganye. Mtu anayekwenda vitani humwambia bibi yake, bibi analia, anamtukana, anamfungia mkate, ndipo anakwenda. Umeninyima vyote vitatu.

Sasa sikiliza. Usioshe mgongo mara kwa mara, unalegeza uti, babu yako hakuuosha miaka thelathini na aliinua mbao ambazo watu wawili walishindwa. Usile kitu usichokijua. Na mwangalie Elwyn, yule mtoto wa Hosea alilelewa bila mama na hajui hata kufunga skafu.

(Mimi mwandishi, Hosea Bufton, nasema mwanangu anajua kufunga skafu. Naandika haya kwa shingo upande. H.B.)

Ameandika nini huyu? Ameandika kitu, nimeona mkono ukienda na mimi nimenyamaza.

Soksi ziko ndani ya kifurushi. Mbili zako, mbili za Elwyn. Rudi.

Bibi yako,
Marged Probert, alama yake: X


Hispania, 14 Desemba 1937

Bibi mpendwa,

Salamu. Soksi zimefika, na skafu tatu ambazo hukuzitaja. Mimi sijambo. Elwyn hajambo, anakusalimia, anamsalimia baba yake, anamwomba asimwuzie mtu njiwa wake.

Utauliza vita vikoje. Kwa kweli muda mwingi ni mikutano. Juzi tulikutana kupiga kura nani achimbe choo. Waliochaguliwa wakakata rufaa. Bunduki yangu imetengenezwa mwaka uliozaliwa wewe na ina tabia zako: haisikii amri na ikikohoa kila mtu analala chini.

Wiki iliyopita kamanda, Mjerumani, alituhutubia. Mmoja akatafsiri kwa Kifaransa, mwingine kwa Kihispania, mwingine kwa Kiingereza, na Elwyn akatutafsiria sisi kwa lugha ya nyumbani. Alikuwa anatuonya kwamba tungepigwa mizinga saa tano. Maneno yalipotufikia sisi ilikuwa saa tano na nusu, sote tuko mtaroni na udongo mdomoni. Elwyn akamaliza kutafsiri hata hivyo. Alisema kazi ya Bwana haiachwi katikati.

Kuna baridi. Tunapelekwa kwenye milima yenye baridi zaidi. Usihuzunike.

Gethin


Bonde la Hesgin, 6 Machi 1938

Gethin,

Umekufa. Nakuambia ili ujue tulipofika.

Mchungaji alipata karatasi kutoka ofisi ya huko, kwamba Gethin Probert amekufa Januari, kishujaa. Nilisema huyo si wangu, wangu hajawahi kufanya jambo lolote kishujaa, hata kuamka. Lakini karatasi ilikuwa na muhuri, nikaamini. Nikalia wiki tatu. Sikufichi.

Halafu wakaja wazee wote wa kanisa, wale wanaokaa kiti kikubwa cha mbele na kututazama sisi kama wanunuzi wa ng'ombe. Wakasema mtu wa kanisa letu la Seion haombolezwi kwa jibini. Anaombolezwa kwa paja la nguruwe, kila mtu na kipande chake, ama sivyo watu watasema ukoo wa Probert umefukia mtu wake kama paka. Ndivyo tulivyofanya kwa babu yako, ndivyo tulivyofanya kwa baba yako alipotolewa shimoni. Basi Kaisari akachinjwa. Walikula watu mia mbili. Hosea aliongoza matanga, alisema vizuri sana, sikukutambua hata kidogo.

Hayo yalikuwa Jumamosi. Jumatatu ikaja barua yako ya choo na kamanda.

Nikaenda kwa Hosea nakimbia, mimi na goti hili. Akaisoma. Nikasema, "Yu hai!" Akasema, "Bi Marged, imeandikwa Desemba. Amekufa Januari. Desemba kila mtu alikuwa hai." Nikasema, "Soma tena." Akasoma tena. Bado ilikuwa Desemba.

Mimi nimezika mume na mwana. Maiti naijua. Nilipolala juu ya mto wako baada ya matanga sikusikia ule uzito wa mtu aliyekufa. Kwa hiyo nakuuliza, na nakuamuru ujibu: unasemaje kuhusu Kaisari? Ukinijibu hilo, hakuna mzee wa kanisa atakayesema uliandika kabla ya kufa.

(Mimi mwandishi nimeeleza kwa upole kwamba si kawaida kumwandikia marehemu. Nimejibiwa kwamba nifunge mdomo nifungue wino. Gethin, kama unasoma, Bwana asifiwe. Kama husomi, pumzika kwa amani. H.B.)

X


Hispania, 2 Mei 1938

Bibi!

Mmemla Kaisari? Nguruwe niliyemlea kwa chupa? Watu mia mbili? Hata Rhydwen Mfupi, aliyesema Kaisari ana uso wa mtoza ushuru, naye alipewa kipande?

Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kutoandika. Tulirudi nyuma, tukarudi tena nyuma, na kalamu ilikuwa shida.

Nilikwenda ofisini kuwaambia kwamba sijafa. Karani ni mtu wa Prague, mpole, ana miwani yenye kioo kimoja. Akafungua faili. "Probert amekufa," akasema, "ninayo karatasi." Nikasema, "Probert ni mimi." "Kitambulisho chako kiko wapi?" "Kimezikwa." Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Unaona mwenyewe."

Nikamwomba soksi. Akasema marehemu hawapewi soksi, ni kanuni, na kanuni hiyo ameitunga yeye kwa sababu soksi zilikuwa zikipotea. Lakini ana moyo mzuri. Akatafuta katika orodha, akanipa jina jingine lililokuwa na nafasi, nipate kula. Kwa hiyo kila asubuhi wakiita jina hilo naitika, napewa dengu. Ni mambo ya makaratasi tu, usiyatilie maanani.

Msalimie mchungaji. Msalimie Rhydwen Mfupi ingawa hastahili. Wasalimie njiwa, na mwalimu wa kwaya, na tarishi mwenye mguu wa mti, na mbwa wa tarishi.

Mjukuu wako aliye hai,
Gethin


Bonde la Hesgin, 10 Julai 1938

Gethin, roho yangu,

Nilijua. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, Hosea akadhani nimepata kiharusi.

Sasa sikiliza vituko. Niliipeleka barua yako kwenye kiti kikubwa, mbele ya wazee wote. Wakasoma. Wakakubali kwamba wewe ndiye, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani angemlilia nguruwe yule. Nikasema basi mrudisheni kwenye kitabu cha walio hai. Wakatazamana. Kumbe kanisa lina kanuni ya kumwingiza mtu kitabu cha wafu, lakini ya kumtoa halina. Kitabu kimeandikwa kwa wino.

Rhydwen Mfupi, mmoja wao, akasema upokelewe kama mgeni. Lakini mgeni lazima aje na barua kutoka kanisa lake la zamani, na kanisa lako la zamani ni hili hili. Hosea akasema hakuna shida, watajiandikia wenyewe barua. Wakaanza kubishana kama waitie posta ama waipitishe mezani. Niliwaacha hapo. Nasikia wameitia posta.

Kiti chako cha kwaya, safu ya mbele ya sauti ya tatu, walitaka kumpa mpwa wa Rhydwen. Nimekikalia mimi. Naimba. Mwalimu wa kwaya analia, lakini hawezi kuniinua.

(Gethin, mimi Hosea. Nakiri nilikosea na nimefurahi. Neno langu ni hili: Elwyn hajaniandikia tangu Krismasi. Ofisi ya huko imenijibu kwamba Bufton yu mzima, anaitika kila asubuhi, anakula vizuri. Namshukuru Mungu. Mwambie mvivu huyo aandike hata mstari mmoja. H.B.)

Ameandika kirefu safari hii na amenisomea. Mjibu.

X


Aberlwyd, 1 Agosti 1938

Gethin,

Anayeandika ni mwuza dawa wa Aberlwyd. Nimetembea maili saba kumfuata kwa sababu hamjui mtu yeyote wa bonde letu, na Hosea hajui niko hapa.

Salamu sina leo.

Mimi sikusoma shule, ndiyo maana nasikiliza. Barua yako ya Mei nimesomewa mara kumi. Umesalimia njiwa. Umesalimia mbwa wa tarishi. Elwyn hukumtaja. Tangu mkiwa na miaka minne hujawahi kutamka sentensi tatu bila Elwyn kuwemo.

Na ofisi inasema Bufton anaitika kila asubuhi. Na wewe unaitika jina ambalo si lako.

Sikupi nafasi ya kunieleza habari za dengu. Elwyn yuko wapi? Jibu kwa anwani ya mwuza dawa huyu. Anasema hataki senti, anataka tu kujua mwisho.

X


Hispania, 29 Septemba 1938

Bibi,

Elwyn amekufa. Ni yeye.

Ilikuwa Januari, kule milimani, kwenye theluji. Nyumbu wa kikosi alikuwa amekula koti la Elwyn. Usicheke, au cheka, sisi wenyewe tulicheka siku nzima. Alilivua amfunike nyumbu kwa sababu alimwona anatetemeka, asubuhi limebaki kola. Tukawa tunavaa langu kwa zamu. Zamu yake ilipofika alikataa, akasema ana joto la imani. Nikamvika kwa nguvu, nikamfunga vifungo mwenyewe, nikamwambia bibi yangu ataniua. Kitambulisho changu kilikuwa mfukoni. Akaenda kuchota maji. Kombora moja tu lilianguka siku ile.

Waliomzika hawakuwa watu wetu. Walisoma kitambulisho. Niliporudi kutoka kwenye doria nilikuwa nimeshazikwa.

Karani aliponipa jina lenye nafasi, jina lilikuwa lake. Siku ya kwanza walipoita "Bufton" nilitaka kusema ukweli. Lakini wakiita, na mtu akaitika, ni kama hajaenda mbali. Nikaitika. Kesho yake nikaitika tena. Nilitaka kuandika, lakini kila barua ninayokuandikia wewe inafunguliwa na Mzee Hosea. Ningemwambiaje baba kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa anakusomea wewe, katikati ya habari za goti?

Sasa wametangaza sisi wageni tunaondolewa, tunarudishwa makwetu. Orodha imeshatoka. Probert hayumo, ni marehemu. Aliyemo ni Elwyn Bufton. Tiketi ni yake, mpaka wa Ufaransa nitavuka kwa jina lake, na wanasema watawaandikia jamaa waje kituoni.

Sijui la kufanya. Nikisema mimi si Bufton, sina jina la kupandia garimoshi. Nikinyamaza, Mzee Hosea atasimama kituoni na nitashuka mimi.

Gethin


Bonde la Hesgin, 9 Novemba 1938

Gethin, mjukuu wangu,

Mimi sijambo. Shimo la makaa linafanya kazi siku nne. Anayeandika ni Hosea.

Nilitaka kukungoja urudi tusaidiane. Lakini wiki iliyopita karatasi ilimfikia: "Mwanao Elwyn anarudi." Bonde zima likapagawa. Bendi ya tarumbeta ikaanza mazoezi mbele ya duka la ushirika. Rhydwen Mfupi alitoa nguruwe wake mwenyewe. Wazee waliokataa kukufufua wewe kwa kukosa kanuni walikuwa wanapaka rangi ubao: KARIBU ELWYN. Nikaona nikikaa kimya siku moja zaidi, mimi ndiye nitakayekuwa mwongo wa ukoo.

Nikaenda kwake asubuhi. Alikuwa amesimama juu ya stuli, fundi anampima suti ya kumpokelea mwanawe. Nikasema, "Hosea, shuka."

Akasema, "Bi Marged, nina pini mwili mzima."

"Shuka na pini zako."

Akashuka. Fundi alinitazama usoni, akachukua kofia yake akatoka. Nikamwambia Hosea. Sikuzungusha. Nilikuwa na barua yako kifuani lakini sikumpa kwanza, nilitaka asikie kwa mdomo wa mtu, si karatasi. Karatasi zimeshasema mengi.

Hakulia. Alikaa vile vile, mikono imenyooka kwa sababu ya pini. Halafu akauliza, "Nani alikuwa akiitika?"

"Gethin."

"Miezi yote hiyo?"

"Yote."

Akasema, "Nilikuwa nashukuru kila asubuhi. Nikinyoa ndevu nasema, sasa hivi ameitika." Akasema anakuchukia. Nikamwambia, "Una haki, mchukie, lakini mchukie akiwa hai, amekaa mezani kwangu, umwone usoni. Ukimwacha huko bila jina tutakuwa tumepoteza wawili kwa koti moja." Nikaanza kumchomoa pini, moja moja. Zilikuwa thelathini na moja. Ya mwisho nilimchoma, akasema "Aa!" na hapo ndipo akalia, na mimi nikalia naye, tumekaa kama watoto waliovunja sufuria.

Jana ameingia kanisani mbele ya wazee wote. Amefuta jina lako katika kitabu cha wafu, ameandika la Elwyn. Wazee wakasema hakuna kanuni. Akasema, "Mimi ndiyo kanuni, kaeni chini." Wakakaa. Bendi imeambiwa inyamaze.

Nilisema barua hii iandikwe na mwuza dawa. Hosea amekataa. Anasema mwandiko wa mwuza dawa ni aibu kwa bonde letu.

Mimi sitasema mengi. Nimekutukana, nimekulilia. Mkate utafungiwa ukifika.

X

Gethin, mimi Hosea Bufton. Safari hii sikuongeza neno katika maneno ya bibi yako, wala sikupunguza, hata yale ya pini.

Nimewaandikia ofisi yenu huko na ofisi ya London: mimi niliyeongoza matanga ya Gethin Probert nashuhudia kwamba yu hai, na nimetia muhuri wa kanisa. Kuna nakala humu. Mpe karani mwenye kioo kimoja. Anapenda karatasi, mwambie hii ni karatasi.

Sijakusamehe. Nilijaribu Jumanne, nikajaribu Jumatano. Nitaendelea. Lakini ulimfunga vifungo, hilo nimelisoma.

Siku ya kuondoka watasoma orodha kando ya garimoshi. Wakiita Bufton, usiitike. Waache waite mara ya pili, na ya tatu, wasikie wenyewe kwamba hayupo. Halafu taja jina lako, upande, uje nyumbani.

H.B.